Zege Halikauki

Fundi alipogonga kabari ya kwanza, vumbi la mbao lilinidondokea kwenye kope. Sikunyanyuka.

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, katikati ya miti iliyosimamishwa imebanana kama watu kwenye foleni, kila mti umeinua mbao kwa kichwa chake. Juu ya mbao ilikuwa slabu yangu ya zege, bado mbichi, inachuruza maji tone moja moja kupitia kwenye maungio. Nje kwenye mwanga niliona miguu tu. Viatu vya fundi vilivyopasuka pembeni. Ndala za vibarua wawili. Na viatu vya kaka yangu, vile vyeusi vya kung'arisha, alivyovivaa kusudi ili ijulikane hakuja kushika koleo, amekuja kukata shauri.

"Mama Mvua," fundi akasema, "toka humo tufanye kazi."

"Fanyeni."

"Na wewe uko chini?"

"Si mmesema imeshika?"

Kibarua mmoja akacheka, kisha akakimeza kicheko chake alipoona hakuna mwenzake.

Kiwanja kile nilikinunua kwa vidole hivi. Mimi ni msusi. Kila kona ya ardhi ile ina vichwa vya watu ndani yake, wengine wapole, wengine wa kulia kabla hujawagusa. Nilisuka nikiwa nimesimama, nilisuka nikiwa na homa, na siku nilipokabidhiwa kiwanja nilikwenda nikasimama katikati yake peke yangu, nisijue la kufanya na mikono. Nia yangu ilikuwa moja: mama aache kulala kwenye chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba huingia bila kubisha hodi.

Basi ujenzi ulipoanza, kaka akajitokeza. Yeye ndiye mkubwa wetu. Akaniambia, "Mambo ya nyumba ni ya wanaume, mdogo wangu. Wewe tutakuita ukague mapazia." Akamleta fundi, rafiki yake wa siku nyingi, na tangu siku ile fundi akawa akitaka kuuliza jambo ananipita mimi niliyesimama mbele yake, anamwuliza kaka aliyekaa kivulini.

Niliwaacha. Mimi si mtu wa kelele. Lakini nilikuwa naangalia.

Kiwanja kilikuwa chembamba. Ofisini kwenye vibali, yule mama wa mezani alituambia ramani haipiti mpaka tuache nafasi kila upande, hewa ipite, moto usiruke, na dirisha letu lisikae kwenye pua ya jirani. Tukiacha nafasi hizo, kilichobaki ni ujia. Kaka akasema tujenge mpaka mpakani, nani atakuja na futi kamba kutupima? Nikamwambia hapana. Kama pembeni hapatoshi, juu kuna nafasi na hakuna jirani. Akanitazama kama mtu aliyeona kuku anasoma gazeti. Lakini hela ilikuwa yangu, kwa hiyo ramani ikachorwa ya kwenda juu: chumba cha mama chini, na slabu juu yake, ili siku moja na mimi nipate changu hapo juu.

Mkaguzi wa majengo alikuja siku nondo zilipokuwa zimeshafungwa, kabla zege halijamwagwa. Mtu mwembamba, asiyependa maneno. Alitembea juu ya nondo kama anayevuka mto kwa mawe, akainama, akapitisha vidole chini ya vyuma kuona kama vimeinuliwa kutoka kwenye mbao. Sehemu nyingine vilikuwa vimelala. Akaagiza vitiwe vijiwe chini yake, zege livizunguke pande zote. Fundi akaitika ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, na kaka akawa anatikisa kichwa kana kwamba wazo ni lake.

Alipokuwa anaondoka nilimfuata mpaka njiani.

"Samahani, mzee. Zege likishakauka, ndipo tunatoa miti?"

Akasimama. "Nani amekwambia zege linakauka? Nguo ndiyo inayokauka. Zege linakomaa, na linakomaa kwa maji. Ukiliacha likauke umeliua. Mwagilia wiki tatu, asubuhi na jioni. Na miti isitoke hata mmoja mpaka nije nione kwa macho yangu."

Shule niliishia ya msingi. Lakini maneno yale yalikuwa mepesi, hayakuhitaji cheti.

Nilitandaza magunia juu ya slabu nzima, nikawa kila asubuhi kabla ya wateja napanda ngazi na ndoo kichwani, na jioni tena, vidole vikiwa bado vinanukia mafuta ya nywele. Magunia yakinywa, nayaongezea. Mtaa ukapata cha kuongea. "Dada, unamwagilia nyumba? Ikichipua tugawie mbegu." Mwingine aliniuliza kama na palizi nitafanya mwenyewe. Fundi ndiye aliyenibatiza Mama Mvua, na jina likanata kuliko saruji yake. Nilicheka nao. Ndoo nilikuwa nishaibeba, ningefanya nini, niitue nijibu?

Wiki ya pili haijaisha, fundi akapata kazi nyingine mtaa wa pili. Mbao na miti vilikuwa vyake, na huko walikuwa wanavisubiri. Hakuniambia mimi. Alimwambia kaka, na kaka akanijia kwenye kibaraza ninaposukia, nikiwa na kichwa cha mteja nimekifikisha nusu.

"Kesho wanatoa miti."

"Mkaguzi hajaja."

"Mkaguzi, mkaguzi. Amekuoa huyo mkaguzi?"

Mteja wangu akaacha kupumua ili asikie vizuri.

"Kaka, alisema—"

"Fundi amejenga nyumba wewe hujazaliwa. Zege limekauka, linalia ngo, ngo ukiligonga. Kwa nini una kichwa kigumu hivyo?"

"Hata kama ni kigumu," nikamwambia, "sitaki kiangukiwe."

Mteja aliguna. Kaka akaondoka bila kuaga, na mimi nikarudi kwenye mstari wangu wa nywele. Nilivuta kwa nguvu mno, mpaka yule dada akaniomba nimhurumie, yeye si kaka yangu.

Kwa hiyo kesho yake nilifunga kibaraza, nikatangulia.

Kabari ya pili ilitoka kwa pigo moja. Mti wa kwanza ukalegea, ukaanguka ubavuni kwangu kwa kishindo cha kuni, na mahali fulani juu ya kichwa changu kitu kikalia *tik*. Sijui kilikuwa nini. Mbao ikipumua, au msumari, au jambo lenyewe. Nisidanganye watu, niliogopa. Ndoo ikawa inacheza chini yangu, nikaishika kingo kwa mikono miwili ili fundi asiisikie.

Yule kibarua aliyecheka akaweka nyundo chini. "Mimi nina watoto, fundi."

"Na mimi nina nini, paka?" fundi akamjibu. "Gonga."

Hakugonga.

Kaka akainama. Uso wake ukatokea kati ya mti na mti, umeiva kwa hasira na kwa haya. "Mdogo wangu, unanidhalilisha mbele za watu."

"Karibu ndani tuzungumze. Kuna kivuli."

Hakuingia. Na katika hali hiyo, yeye ameinama, mimi nimekaa, fundi amejishika kiuno, nikasikia sauti ya mama ikiuliza kuna nini. Alikuwa amekuja na chupa ya chai, akidhani ni siku ya kazi kama siku nyingine.

"Mwanao amegoma," kaka akasema.

"Amegoma kufanya nini?"

"Kutoka."

Mama alitazama ndani kwa muda. Akaiweka chupa chini, akainamisha mgongo wake ambao siku hizi hauinami bila maneno, akaingia. Alikuja akishika mti mmoja, kisha mwingine, kama mgeni anayesalimia watu waliojipanga, mpaka akanifikia. Pembeni yangu palikuwa na tofali. Akakaa.

"Mama," kaka akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mama, toka humo. Ni hatari."

"Hatari ya nini? Si imeshika?" Mama akanyoosha miguu. "Hiki si ndicho chumba nitakacholala? Acha nikijaribu."

Kaka mwenyewe alikuwa amelisikia neno lililomtoka. Lilikuwa limeshatoka, liko pale kati yetu, na mtaa mzima uliokuwa umesimama ng'ambo ya uzio umelisikia pia. Kwangu mimi niliyekuwa chini tangu asubuhi, ilikuwa imeshika. Kwa mama, ikawa hatari.

Sikutaka kumkamata kwa neno lake. Ni kaka yangu. Nikamgeukia fundi.

"Sawa, fundi. Mama anatoka, na mimi natoka, hatukuzuii tena. Ila njoo wewe ukae hapa kwenye ndoo. Kaka atagonga."

Fundi alicheka. Akageuka kuwatafuta wa kucheka naye, hakuwapata. Akapiga hatua moja kuja chini ya slabu, nakumbuka kiatu chake kile kilichopasuka kikivuka mstari wa kivuli, na hapo akafanya kitu kidogo sana ambacho sitakisahau. Alitazama juu.

Akarudisha mguu.

"Mimi sina muda wa michezo ya watoto," akasema, na nyundo akaitupa kwenye toroli. "Kaeni na miti yenu."

"Ni yako," nikamwambia. "Utaichukua yote mkaguzi akishapita. Na huo mmoja uliouangusha, uurudishe ulipokuwa."

Hakuurudisha yeye. Kibarua mwenye watoto ndiye aliyeunyanyua, bila kutumwa, akausimamisha, akaukazia kabari yake kwa mapigo mafupi, akimwuliza mama, "Hapa? Au zaidi kidogo?" kana kwamba mama yangu amejenga maghorofa.

Kaka hakunisemesha baada ya hapo. Tukikutana kwa mama alikuwa anaongea na ukuta, nami najibu kupitia sufuria. Fundi alinitangaza kila alikopita kwamba mimi ni mwanamke wa kukaa chini ya zege, mwanamume atakayenioa ajiandae. Nikaendelea kumwagilia. Wiki tatu zilipotimia mkaguzi hakutokea, na siku ya pili yake pia, nikaenda ofisini kwake nikakaa kwenye benchi mpaka alipotoka na mkoba wake.

"Una shida gani, dada?"

"Sina shida. Nimekuja kukuchukua."

Aligongagonga slabu kwa nyundo ndogo, akapitisha kiganja kwenye kingo, akapiga magoti na kutazama chini ya mbao kwa tochi. Akauliza nani alikuwa anamwagilia. Nikasema mimi. Akaitikia kama mtu aliyeambiwa saa. "Toeni. Anzeni katikati, mwende kuelekea kwenye kuta. Polepole."

Watu wakinisikia nikisimulia haya husubiri niwaambie kwamba ile nyumba ya mtaa wa pili, ambayo fundi aliijenga baadaye kwa haraka yake, ilianguka. Haikuanguka. Ipo, napita mbele yake nikienda kununua mafuta ya nywele, imepakwa rangi, ina watu wanaocheka ndani. Nawaombea mema. Sikukaa kwenye ile ndoo ili fundi aumbuke. Nilikaa kwa sababu nyumba ilikuwa yangu na mama alikuwa wangu, na bahati sikutaka kuijaribu kwa mtu ambaye sina wa pili wake.

Siku ya kutoa miti, kaka alikuja mwenyewe, hakuna aliyemwita. Hakunisalimia. Aliokota nyundo, akaingia mpaka katikati, akaanza. Mti ulianguka, ukafuata mwingine, na kila ulipotoka chumba kikawa kinaongezeka, mwanga unaingia pembe ambazo sikuwahi kuziona. Mimi na mama tulikuwa mlangoni tukipokea na kupanga nje. Hatimaye ukabaki mmoja karibu na ukuta, na kaka akiwa mbele yake, jasho limemlowesha mgongo, nyundo imesimama hewani.

"Gonga," nikasema.

Akagonga. Mti ukaanguka, mbao zikafuata kwa kelele, na baada ya kelele hakukuwa na kitu. Vumbi tu, likishuka bila haraka. Kaka alikuwa amejikunja, mikono imefunika kichwa. Akaifunua. Akanyooka kidogo kidogo, akatazama zege lile la kijivu lenye alama za mbao, lote, kutoka ukuta hadi ukuta.

Akakohoa. "Unaona? Hata siku ile ingesimama tu."

Mama alikuwa nyuma yangu na godoro lake limeviringishwa kwa kamba, anauliza kichwa kielekee upande gani.

"Labda," nikamwambia kaka. "Sogea, nifagie."

Akasogea.