Kila Nguo na Siku Yake

Asubuhi hiyo Kipusa alikuta magauni yamekwisha kutundikwa kwenye kamba, katika chumba cha nyuma ya duka, kuanzia mlangoni hadi dirishani, yote ya wajawazito, yote yamepigwa pasi. Dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa amepanda juu ya kigoda akibana simu kwenye stendi. Taa ya duara ilikuwa inawaka. Mezani palikuwa na chupa ya chai na mkate uliokatwa vipande, na Fundi akamwambia mdogo wake ale upesi, maana mchana wenyewe si mrefu.

Kazi ilikuwa rahisi kueleza. Duka likinyamaza mtandaoni siku mbili tatu, wateja wanalisahau, na Fundi hakuwa na muda wa kuacha cherehani kila siku apige video. Alikuwa amejifunza kwa wenye maduka wenzake: unapiga za mwezi mzima kwa mkupuo mmoja. Unabadilisha nguo, unasogeza kiti, unahamisha maua kutoka kulia kwenda kushoto, halafu unapanga video zitoke zenyewe, kila moja na siku yake. Anayetazama huko aliko anadhani duka lako halipumziki. Mvaaji alikuwa Kipusa, kwa sababu alikuwa mjamzito, kwa sababu jina lake la utani hakupewa bure, na kwa sababu hakuwahi kumkatalia dada yake kitu.

"Hii ya Jumatatu," alisema Fundi.

Kipusa akageuka kushoto, akageuka kulia, akashika tumbo, akatabasamu. Akaenda nyuma ya pazia, akarudi na gauni la Jumanne.

Kabla hawajafika Ijumaa, kucha alizozikata jana yake jioni zilikuwa zimeanza kukwaruza kitambaa. Wiki ya pili ilipokwisha, nywele mpya zilikuwa zimechomoza chini ya misuko, na gauni lililopimwa juzi lilimbana tumboni. Fundi akaja na pini mdomoni, akapapasa mshono, akasema huu atauachia kidogo. Chai kwenye chupa ilikuwa bado ya moto. Mkate ulikuwa laini vilevile. Siku zilikuwa zinampita Kipusa peke yake, gauni moja siku moja, na mtoto tumboni akizipokea pamoja naye.

"Dada, nina njaa."

"Si umekula sasa hivi?"

"Hiyo ilikuwa Jumatatu."

Fundi aliona hilo ni la haki. Akamtuma mshonaji wake, mwanamke mmoja mkimya aliyekaa cherehani ya pili, akanunue chakula cha kutosha watu wanne. Kipusa alikimaliza chote akiwa amesimama, asije akalikunja gauni.

Jioni alirudi nyumbani ameshika kiuno, tumbo limemtangulia kwa mwezi mzima zaidi ya lile aliloondoka nalo. Mgongo ulimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni hamu ya mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa, na alikuwa ameondoka juzi tu. Kipusa alimkumbuka kama mtu aliyepotea mwezi. Alipompigia simu, Dereva alicheka akauliza, si tumeongea jana? Akarudia ahadi yake: atashusha mzigo, atasubiri karatasi mpakani, na atakuwa nyumbani mapema, maana mtoto huyu wa kwanza lazima ampokee mwenyewe akiwa mdogo kabisa, hajafungua macho vizuri.

Kliniki mkunga alipima tumbo kwa utepe, akatazama kadi, akapima tena.

"Umepiga video?"

"Za duka la dada yangu."

Mkunga alisema wanamjia wengi siku hizi, na juzi alikuwa na mmoja wa duka la viatu, magoti yamekwisha kabisa. Akafuta tarehe ya kujifungua na kuandika nyingine ya karibu. Akashauri kwamba, kama hapana budi, wapige gauni moja kwa siku.

Kipusa alipoufikisha ushauri huo, Fundi aliguna. Gauni moja kwa siku, na kushona atashona saa ngapi? Ng'ambo ya barabara palikuwa pamefunguliwa duka la nguo zilizoshonwa tayari kiwandani, na wateja walikuwa wanapita mlangoni kwake bila hata kugeuza shingo. Video ndizo zilizokuwa zinawarudisha. Kamba ilikuwa tayari imejaa magauni mengine.

Kipusa akapiga moyo konde, akasema ataomba apumzike mpaka mumewe arudi.

Fundi hakukasirika. Alivua utepe shingoni, akauzungusha vidoleni, akaanza kusema polepole, na dada mtu huyo akisema polepole ndipo Kipusa alipomwogopa. Alimkumbusha kwamba mama yao alipofariki, yeye Kipusa alikuwa hajui hata kufunga viatu. Nani aliyeacha shule akakaa kwenye cherehani? Nani aliyekesha naye alipougua surua, akimpepea kwa kipande cha boksi?

"Mimi siku zangu zote nilikupa wewe," alisema Fundi. "Leo nikikuomba zako chache, unanihesabia?"

Kipusa alikwenda nyuma ya pazia shingo upande.

Uchungu ulimshika akiwa ndani ya gauni la bluu lenye mikono mipana, la Alhamisi. Akasimama, akashika kiti.

"Malizia kugeuka," alisema Fundi.

Kipusa akamalizia. Kisha Fundi akazima taa, akamshika mkono, na tumpe haki yake: alikimbia naye hadi zahanati akiwa na ndala mguu mmoja, akawasukuma watu mlangoni, akakaa kitandani kwake mpaka mwisho, na mtoto alipotoka Fundi alilia kuliko mama mwenyewe. Mtoto alikuwa wa kiume, ametimia kila kitu. Dereva wakati huo alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani.

Kipusa alipompa habari kwa simu, Dereva akasema lakini asubuhi hii nimekuona dukani kwa shemeji, umevaa la kijani, tumbo bado.

"La kijani nililivaa zamani," alisema Kipusa.

Dereva akauliza kama mtoto alilia kwa sauti. Akaambiwa alilia sana. Akauliza anafanana na nani, na Kipusa akasema bado hafanani na mtu, ni mdogo mno.

"Nitunzie hivyohivyo," alisema Dereva. "Mtoto asipigwe video hata moja."

Kipusa akaahidi. Alijifungia nyumbani na mwanawe, akamnyonyesha, akamtazama akilala. Kwenye ukurasa wa duka aliendelea kuwa mjamzito kila siku, anageuka kushoto, anageuka kulia, na wateja wakimwombea ajifungue salama. Fundi alikuja kila jioni. Alimwogesha mtoto vizuri kuliko mama yake, akamwimbia, akambusu nyayo. Lakini kila alipokuja alikuwa na kinguo ndani ya mkoba, kishati leo, kisuruali kesho, akasema anamjaribishia tu apate kipimo. Alikuwa ameanza kushona nguo za watoto. Kipusa alimwacha ajaribishe, macho yake yakiwa kwenye mkono ulioshika simu.

Hatimaye Dereva alipiga simu kwamba anaingia mchana huo. Yadi ya malori ilikuwa nje ya mji, moshi na vumbi mtindo mmoja, si mahali pa kumpeleka kichanga. Fundi alijitolea kubaki naye dukani.

"Nipe simu yako," alisema Kipusa.

Fundi alimpa bila ubishi. Hapo Kipusa alitakiwa ashtuke, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha tangulia yadini.

"Dada, hapigwi video."

"Nimekusikia," alisema Fundi, akimpokea mtoto.

Dereva alishuka garini na macho mekundu ya barabara. Mkononi alikuwa na kofia ya sufu ya mtoto mchanga, aliyoinunua njiani, ndogo kiasi cha kuvikwa ngumi. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaivaa ngumini na kuivua. Maziwa yalikuwa yamemjaa Kipusa, yamelowesha blauzi, naye alimhimiza mumewe waongeze mwendo. Alisema ni kwa sababu ya maziwa. Jambo jingine, la simu aliyopewa bila ubishi, hakulitaja.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mwanga wa dirisha tu. Kamba ilikuwa tupu. Sakafuni palikuwa na lundo la nguo za mtoto, za chini kabisa zikiwa ndogo, za juu zikizidi ukubwa. Kwenye stendi palikuwa na simu ya mshonaji, na mshonaji mwenyewe alikuwa ameinama anaokota pini ambazo hazikuwapo. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa suruali ya mikanda ya mabegani, ameshika pindo la gauni la Fundi. Alikuwa na meno.

"Hakulia hata kidogo," alisema Fundi. "Amekula sufuria nzima ya uji."

Kipusa alipiga magoti, akamvuta, akafungua vifungo vya blauzi. Mtoto alitazama kifua kile kwa adabu, kama anayekaribishwa chakula akiwa ameshiba, akageuza uso. Akamnyooshea Fundi mikono.

"Mama," alisema.

"Mama mkubwa," Fundi alimsahihisha kwa upole. "Sema mama mkubwa."

Dereva alimsogelea mwanawe, akajaribu kumvika kofia. Ilikaa utosini, ikaanguka. Akaiokota, akaipangusa, akaitia mfukoni.

"Uliniambia umenisikia, dada."

"Nilikusikia. Nilitaka nipige nguo tatu tu." Fundi alikuwa anakunja nguo za lundo huku akisema. "Halafu akacheka. Ungemwona alivyocheka, mdogo wangu. Nani angezima simu hapo?"

"Alicheka lini?"

"Kwenye kishati cha njano."

Kipusa akaomba aonyeshwe. Fundi akasema haimo tena, simu ya watu ilijaa ikabidi wafute, lakini zote amekwisha zipanga kwenye ukurasa wa duka. Ya njano itatoka Jumatano ijayo. Ya kutambaa mwezi utakaofuata, na hatua za kwanza baada ya hapo. Alizitaja kwa furaha ya mtu aliyekuwapo, kisha akaona uso wa mdogo wake, akarudi kukunja nguo.

Walirudi nyumbani watatu. Mtoto alimlilia Fundi njia nzima, na usiku alilala kwa kuchoka kulia. Siku zilizofuata alianza kumzoea Dereva, kwa kuwa Dereva alijua kuiga honi ya lori. Kipusa alimpa chakula akapokea, akamwogesha akakubali, akimtazama kama mtoto anavyomtazama jirani mwema. Mkunga, alipopelekewa, alimpima uzito, akaruka kurasa kadhaa za kadi na kuandika kwenye iliyofaa.

Fundi alituma ujumbe kuuliza hali ya mtoto. Aliandika kwamba oda zimemzidi, kwamba amemwajiri mshonaji mwingine, na kwamba duka la ng'ambo sasa linawatazama kwa wivu. Mwishoni aliongeza kuwa amekata kitambaa cha sare za shule, wakipata nafasi wamlete mtoto wajaribishe, kujaribisha tu. Kipusa akaenda kupiga komeo la mlango, ingawa ilikuwa mchana kweupe.

Jumatano ilipofika aliacha sufuria jikoni, akakaa kizingitini na simu. Dereva akasimama nyuma yake. Mtoto alikuwa sakafuni anagonga vifuniko vya masufuria. Video ilitoka kwa wakati wake. Mwanawe alikuwa ndani ya kishati cha njano, hana jino hata moja, anamtazama mtu aliye nyuma ya kamera, midomo inacheza, haijui bado inataka kufanya nini. Kisha akacheka, mwili mzima. Nyuma ya kamera Fundi naye alicheka, akamwita kwa jina la kumbembeleza. Watu walikuwa wamekwisha anza kuandika chini yake: hongera mama, furahia udogo wake, wanakua haraka hawa. Kipusa akabonyeza moyo kama walivyobonyeza wengine.

Mtoto aliposikia sauti ya Fundi aliacha vifuniko. Akaja mbio, akaigeuza simu mbele na nyuma kumtafuta. Alipomkosa, alipanda mapajani kwa Kipusa, kwa mara ya kwanza tangu ajue kutembea, akatulia hapo, akisubiri irudiwe.

Kipusa akairudia.