Kibanio cha Mama Ndoo

Mama Ndoo alikuwa na desturi ya kutapika kwanza, ndipo aingie. Alifika nyuma ya nyumba ya fundi viatu, akatua ndoo yake, akainama kwenye mfereji, akamaliza, akasukutua, kisha akabisha hodi.

"Umeshamaliza salamu zako?" fundi aliuliza kutoka ndani.

"Nimemaliza, mzee wangu."

"Basi pita. Mguu unakungoja."

Ilikuwa hivyo kila Jumatatu na Ijumaa kwa miaka sita. Kanisa lilikuwa limemtuma kuhudumia wagonjwa majumbani, akapangiwa huyu ambaye wenzake wote walimkimbia. Mguu wa kushoto wa fundi ulikuwa kidonda kitupu, tangu kifundoni hadi katikati ya muundi. Bendeji ya zamani ilibanduka na vipande vya nyama, na usaha ukachuruzika kwenye beseni, mzito kama uji uliolala. Harufu yake ilimganda Mama Ndoo kwenye nywele, hata mwanawe mchanga akawa anageuza uso akipewa ziwa.

Akishafunga bendeji mpya, hufungua Biblia asome mistari michache. Hapo fundi huvuta mto akajifunika masikio. Miaka sita, mto uleule.

Sasa, kanisani kwao, mbele kabisa, palikuwa na kamba kama ya kuanikia nguo. Kila mhudumu alikuwa na kibanio chake chenye jina. Mgonjwa wake akimpokea Bwana, aliweka dole gumba kwenye kadi, na kadi ikabanwa pale watu wote waione Jumapili ya Mavuno. Wengine kadi zao zilipepea kama sare za shule siku ya kufua. Kibanio cha Mama Ndoo kilikuwa hakijawahi kushika hata uzi.

"Dada yangu, miaka sita!" alisema mratibu wa huduma, mtu nadhifu wa kunukia marashi toka mbali. "Huko unapeleka Injili au unaosha miguu?"

"Vyote viwili."

"Jumapili hii kikibaki kitupu, tunamfuta yule mzee kwenye orodha. Bendeji na dawa ziende kwa wagonjwa wanaozaa matunda."

Mama Ndoo alirudi nyumbani. Bila dawa ile, mguu ungeoza wote. Akawaza: si nimwombe tu fundi aweke dole, kwa faida yake mwenyewe? Wazo lile likamtia kinyaa kuliko usaha wenyewe. Akalitema.

Ijumaa alimkuta fundi ana kipande kipya cha sabuni kifuani, na dole gumba la buluu.

"Bwana wako wa marashi alikuja," fundi alisema. "Kaziba pua kwa leso, kanipa sabuni, kaniambia niweke dole kuonyesha nimeipokea."

"Hukusoma, mzee wangu?"

"Kwa miwani ipi? Na sabuni nzuri hivi, ningeweka hata dole la mguu. Lile zima."

Mama Ndoo hakucheka. Alichukua kitambaa akasugua lile dole mpaka likawa jekundu. Wino haukutoka.

Jumapili kadi ilikuwa pale, kwenye kibanio chake. *Kwa hiari yangu nimempokea Bwana*, na chini yake alama ya buluu. Vigelegele vikapanda. "Mama Ndoo kazaa!" mtu alipiga kelele nyuma. Mate yakamjaa mdomoni, na hapa hapakuwa na mfereji wa kuinamia. Akasimama, akaenda mbele, akaibandua.

"Huyu hajaokoka," alisema. "Alipokea sabuni."

Mratibu akamsogelea, akanong'ona, "Kaa chini, unajiaibisha."

"Mratibu, miaka sita nimenusa usaha. Huu wako unanuka zaidi."

Jumatatu asubuhi stoo ya kanisa ilikuwa imefungwa, na jina lake limeondolewa kwenye orodha ya wahudumu mlangoni. Akageuza njia. Nyumbani alitoa nepi za kitambaa za mwanawe, akazichemsha, akazianika, akaanza kuzichana vipande virefu.

"Na mtoto je?" mumewe aliuliza.

"Mtoto zimembana."

"Zimembana tangu lini?"

"Tangu leo."

Mumewe akamtazama, kisha akaishika ncha ya pili ya nepi avute.

Alasiri hiyo Mama Ndoo alitapika mferejini kama kawaida, akabisha hodi.

"Nasikia umenitoa mbinguni," fundi alisema.

"Hukuwa umefika, mzee wangu."

"Nami nilikuwa nimeanza kuzoea."

Mama Ndoo akapiga magoti. Bendeji ya Ijumaa ilikuwa imegandamana. Alipoilowesha kwa maji ya chumvi, harufu ikapanda ikamshika kooni, akageuka pembeni akapumua kwa mdomo. Akaosha. Akafunga. Fundi akainua kichwa, akautazama mguu wake.

"Hii ina bata."

"Ya mwanangu."

Fundi alivitazama vile vibata vya manjano kimoja kimoja. Mama Ndoo akanawa mikono, akafungua Biblia. Hapohapo fundi akavuta mto wake akajifunika masikio.

Mama Ndoo akasoma kwa sauti ileile, kuanzia pale alipoishia Ijumaa.