Meno ya Baba Yalivyopanda Anga

Usiku wa kuamkia ndoa yangu niliota nimo kwenye chombo cha anga, nimejifunga kanga, natafuta meno ya baba.

Ya bandia, seti nzima. Yalipotea mchana, tulipekua hadi sufuria la pilau. Baba akasema hatoki chumbani na ufizi mtupu, ami Machano, mdogo wake, akaozeshe badala yake. Roho iliniuma. Nilitaka kuozwa na kinywa cha baba yangu, basi.

Mlangoni mwa chombo imesimama kalamu.

"Swichi ilipokatika ndani ya chombo, nilichomekwa mimi, watu wakarudi kwao salama kutoka mwezini," inasema, wala sijaiuliza. "Pita. Ila makombo marufuku, yanaelea na kuharibu mitambo. Atakayetoa chembe mdomoni anarudishwa duniani hapo hapo."

Napita, najikuta jikoni kwa bibi. Mpira wa gofu unaelea juu ya jiko, unaringa kwamba ulipigwa mwezini. Juu ya kabati meno ya baba yanatafuna mkate wa nyama ulioingizwa kwa magendo. Mkate unalalamika kwa adabu.

"Twendeni nyumbani," nasema.

"Hatuendi. Huko kazi yetu muhogo na kugombeza watu. Baba yako alicheka lini?"

"Haya. Ami Machano ataniozesha."

Meno yanasita. "Yule aliyehutubia harusini mpaka bwana harusi akasinzia?"

"Huyo huyo. Safari hii ameanza kunywa asali tangu juzi, sauti isimkauke."

Meno yanaangua kicheko na mkate umo ndani. Chembe moja inachomoka, inaelea polepole, inapita mbele ya kalamu.

"Teremkeni," inasema kalamu.

Nikaamka. Kumekucha, baba amesimama mlangoni na kanzu yake, meno kinywani.

"Yalikuwemo kwenye glasi yake," akasema. "Nyinyi mlitafuta kwa macho gani?"

Kabla sijajibu akachokonoa jino la mbele kwa ukucha, akatoa chembe ya mkate, akaiachia. Haikuanguka. Ilibaki hewani, usawa wa pua yake.

Tukaitazama. Baba akacheka, meno yote nje. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

"Usimwambie ami yako," akasema, kila neno limenyooka. "Ataihutubia."