Risasi Yenye Vishimo Viwili

Fundi alikuwa na leseni ya kutengeneza silaha, na chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la makufuli, chenye mlango wa chuma na dirisha dogo la nondo. Walinzi wa maghala walimletea bunduki zilizoshika kutu, wenye mali walimletea bastola zilizolala sandukuni hadi zikasahau kazi. Hakuwa mtu wa porojo. Mteja akianza kuzunguka na hadithi, alimkata kauli: "Wewe niachie. Chombo chenyewe kitanieleza."

Ndiyo maana asubuhi ile mkwe wake alipoingia na bastola imeviringishwa kwenye taulo, hakumhoji sana. Mkwe huyo mtaani walimwita Mpole. Jina lilitokana na sauti yake: hata akikasirika alinong'ona. Alikuwa msimamizi wa bohari ya mizigo, na bastola aliinunua kwa mwenzake aliyestaafu. Karatasi zake zilikuwa halali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu hajambo? Na mjukuu wangu?"

"Wazima kabisa. Mwanao anakusalimu. Anasema atakuja, kazi tu zimembana."

Tangu mvua zianze binti alikuwa hajakanyaga pale. Fundi alilimeza hilo, akavuta kiti. "Haya, inakusumbua nini?"

"Inanidhalilisha, baba. Mara inalia, mara inagoma. Navuta, nasikia *ka!* halafu kimya."

Fundi aliigeuza mdomo ukaelekea ukutani, akachomoa magazini, akavuta sehemu ya juu nyuma, akachungulia ndani na kutia kidole kuhakikisha haina kitu. "Risasi inaingia vizuri?"

"Inaingia vizuri sana. Kupiga ndio hakuna."

"Zile zilizogoma umezitupa?"

Mpole alitoa kikebe cha dawa mfukoni, akamimina risasi chache juu ya meza. Fundi aliokota moja, akaielekeza kwenye taa. Kwenye kitako, pale katikati penye fataki, palikuwa na kishimo kidogo, kama alama ya ukucha. Pini ya bastola iligusa tu, haikupiga. Akaiweka, akachukua nyingine. Hiyo ilikuwa na vishimo viwili vimekaribiana.

"Hii uliirudia?"

"Eeh. Ilipokataa nikavuta tena."

"Ulikuwa unapiga nini?"

"Chupa, baba. Kule machimboni." Mpole alicheka kwa ile sauti yake ya chini. "Chupa zilipona siku hiyo."

Fundi naye akacheka. Akamwambia aje kesho yake, na Mpole akaaga kwa adabu zote, mikono miwili.

Kazi haikuwa ngumu. Alipoifungua na kuichomoa pini, ilitoka kwa kusitasita kama kijiti kwenye asali. Njia yake ilikuwa imejaa grisi iliyokauka ikawa nyeusi, imechanganyika na nyuzi za nguo. "Mchafu wee," alisema, akimtukana yule mstaafu asiyemjua. Akaloweka vyuma kwenye mafuta ya taa, akasugua kwa brashi, akapangusa, akatazama ncha ya pini: nzima. Springi ya nyundo, ile inayoipigisha pini, ndiyo ilikuwa imechoka. Alizo nazo zote zilikuwa ndefu kidogo. Alichagua iliyokaribiana, akaipunguza kwa tupa, akaijaribu, akaipunguza tena. Jioni alikwenda uani kwenye pipa la mchanga, akapiga magazini nzima. Haikugoma hata moja. Maganda yaliruka upande ule ule, mlio ule ule. Fundi alirudi ndani akipiga mluzi. Raha ya kazi iliyokubali haikuwa imemchosha hata uzeeni.

Kesho yake, kabla hajavaa aproni, binti yake alisimama mlangoni. Alikuwa amembeba mtoto, na amevaa ushungi ulioshuka hadi kidevuni ingawa joto lilikuwa limeshapanda.

"Hee! Leo jua limetokea wapi?" Fundi alisema, akinyoosha mikono ampokee mjukuu.

Binti alikuwa anaangalia meza. Bastola ilikuwa pale juu ya kitambaa safi, inang'aa kwa mafuta.

"Baba. Umeshaitengeneza?"

"Jana ile ile. Imepona kabisa, inapiga kama mpya."

Binti alishuka taratibu na ukuta hadi sakafuni, mtoto kifuani, na mdomo wake ukawa unasema kitu ambacho baba yake alilazimika kupiga magoti ili akisikie.

"Nilikuwa nakimbilia nikukute hujaianza."

Alieleza bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Waligombana kwa sababu alisema anataka kurudi kwao, akapumzike kidogo. Mpole hakupiga kelele. Aliinuka, akaichukua bastola kabatini, akamwegemeza mlangoni, akamwekea mdomo wa bastola chini ya kidevu. Akavuta. Ikasema *ka*. Akamtazama machoni, akavuta tena.

"Mara ya pili, baba. Ya kwanza ningesema alitaka kunitisha."

"Halafu?"

"Akacheka. Akasema ni utani, mbona nimepauka hivyo. Akakaa akala chakula chake chote. Alipomaliza akaniambia, usijali, baba yako ni fundi, ataitengeneza yeye mwenyewe."

Fundi alibaki amepiga magoti. Alikumbuka mluzi wake wa jana. Alikumbuka pia zile nyuzi na grisi kavu. Kumbe uvivu wa mtu mmoja asiyemjua, aliyeona uvivu kushika brashi, ndio uliosimama kati ya mwanawe na kaburi; na yeye, baba mtu, ndiye aliyekaa siku nzima akiuondoa, tena kwa furaha.

Aliinuka akaitazama bastola. Mikono yake ilijua njia nyingi za kuiharibu, na njia moja mbaya zaidi, ya kuifanya imlipukie mikononi yule atakayeivuta. Wazo hilo lilimkaa kichwani muda mrefu kuliko alivyopenda. Akalifukuza. Akaifungua bastola, akatoa pini na springi, akavitia mfuko wa shati. Vingine akavitawanya mezani. Ile risasi ya vishimo viwili akaitia mfuko huo huo.

"Ingieni stoo. Mnyonyeshe asilie."

Mpole hakukawia. Sauti ya chini ilipiga hodi.

"Karibu," Fundi alijibu, na akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe iko sawa.

Mpole aliangalia vyuma vilivyotapakaa. "Bado tu?"

"Imenishinda. Springi yake haipatikani."

"Fundi kama wewe ishindikane?"

"Ndiyo uzee huo."

"Basi nipe hivyo hivyo. Nitapeleka kwingine."

"Siwezi kukupa vipandevipande. Leseni yangu itakwenda. Njoo keshokutwa."

Mpole hakutoka. Alikichukua kikebe chake, akarudishia risasi moja moja, huku akizigeuza vitako. Akasimamisha kidole.

"Kuna moja haipo hapa."

"Itakuwa imedondoka. Nitaitafuta nikifagia."

Walitazamana. Nyuma ya mlango wa stoo mtoto alikohoa kidogo, au pengine sauti ilitoka duka la mbele. Fundi hakujua, na hakuthubutu kugeuza shingo. Aliokota bisibisi, akaanza kukaza kibao cha meza ambacho hakikuwa kimelegea.

"Mwanao hakupita hapa, baba?"

"Si umesema kazi zimembana?"

"Eeh. Zimembana." Mpole akatabasamu. "Akipita, mwambie namsubiri nyumbani."

Fundi alingoja hadi gari lake lilipotoweka kwenye kona. Akafunga vyuma kwenye sanduku, akalitia kwapani, akafunga chumba, na wote watatu wakapitia uani kuelekea kituo cha polisi. Binti alitembea akiwa amemshika baba yake mkono wa shati, kama alipokuwa mdogo.

Askari wa zamu alimfahamu Mpole. Aliwasikiliza kalamu ikiwa imefunikwa. "Mzee wangu," alisema, "mume na mke wakitaniana, sisi wengine tukiingia tutatokea wapi? Kesho watapatana, mtuone wabaya."

Fundi akaweka risasi kaunta, akaanza kueleza vishimo, pini, springi. Askari aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesubiri mvua ipite. Ndipo binti akampa baba yake mtoto. Akafungua ushungi, akainua kidevu. Chini ya taya palikuwa na duara la zambarau, dogo, kamili, na kingo zake zikionekana.

Askari alilitazama duara. Akatazama sanduku. Akafunua kalamu yake.

"Kaa chini, dada," alisema. "Anza mwanzo."

Walimkamata Mpole boharini siku ile ile, na alitoka kwa dhamana kabla wiki haijaisha. Bastola ilibaki polisi. Mama yake Mpole alikuja na shangazi wawili kuomba mambo yazungumzwe kifamilia. Alilia kikweli, na Fundi alimpa maji, akamsikiliza, akamwambia hapana. Kesi ikaanza kuahirishwa. Shahidi hayupo, jalada halijaletwa, hakimu ana udhuru. Kila mara Mpole alikuja amevaa vizuri, na kila mara, mbele ya watu wote, alisema "Shikamoo, baba." Fundi hakuitikia. Watu wengine walimwona hana adabu.

Binti alihamia kwa baba yake, katika chumba alicholala akiwa msichana. Mlio wowote mkavu, kufuli, swichi, hata biskuti ikivunjwa, ulimkatiza katikati ya sentensi, kisha aliendelea kama hakuna kitu. Hawakulizungumzia. Fundi alirudisha silaha za wateja zilizobaki, moja moja, akimwambia kila mmoja atafute mtu mwingine. Sasa alitengeneza makufuli tu, na cherehani zikija.

Jumapili moja binti alimkuta ameketi uani, ameshika springi ndogo ya cherehani, hafanyi nayo kitu.

"Baba, wewe hukujua."

"Nilimuuliza alikuwa anapiga nini," alisema Fundi. "Akasema chupa. Nikacheka naye."

Binti alikaa chini karibu yake. Mtoto alikuwa anatambaa kuelekea kwenye lile pipa la mchanga ilimojaribiwa bastola, na wote wawili wakainuka kwa pamoja kumzuia.