Kuhama Uganga Kabla ya Arobaini

Siku niliyofika levo ya thelathini, mlango wa hekalu ulifunguka kwenye simu yangu, nikajua kwamba Sadock hatafurahi.

Nieleze kwanza, maana si kila mtu anaujua mchezo huu. Tuko watatu. Sadock ndiye kiongozi wa kundi, mtumishi wa ofisi moja ya serikali hapa Babati mjini, kitambulisho hakimtoki shingoni, kijana wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Mbeya. Zuwena, ambaye tunamwita Mama Tariq, anauza vitenge Bagara na intaneti tunayotumia ni yake. Mimi nashona viatu kwenye kibaraza cha duka lake. Kila mmoja wetu ana mtu wake ndani ya simu, na huyo mtu ana kazi. Wa Sadock ni mpiganaji, ana panga refu kuliko yeye mwenyewe. Wa Mama Tariq anapiga mishale. Wangu ni mganga. Hapigi mtu. Anasimama nyuma, mwenzake akiumia anamrushia dawa. Binti yangu Hope ndiye aliyemtengeneza, akamvalisha kanzu nyeupe, akampa jina la Redempta, jina la marehemu mama yake. Akaniwekea simu mkononi akasema, "Baba, cheza. Usikae tu unaangalia ukuta."

Miezi minane nimerusha dawa. Majoka yamekufa, mifupa inayotembea imelala chini, na kila mara sifa ni za mwenye panga.

Sasa ukifika thelathini, hekaluni wanakuruhusu kuhama kazi. Unaanza levo ya kwanza katika kazi mpya, na kule ulikotoka huwezi kurudi tena. Mimi nilitaka kuwa mpiganaji. Jumapili ile tulikuwa tuingie pango la mwisho, anakokaa yule mkubwa wao anayeitwa Bosi. Mabosi wameniumiza maisha yangu yote, na huyu peke yake ndiye ninayeruhusiwa kumpiga. Nilitaka nimpige kwa mkono wangu.

Sadock alipoona levo yangu, hata hongera hakutoa.

"Subiri arobaini, Baba Hope," alisema. "Ukihama sasa, dawa zote unaziacha mlangoni. Ukifika arobaini unapanda cheo, unakuwa Mganga Mkuu. Hapo ukihama unaondoka na dawa zako zote. Uhamisho una utaratibu wake."

"Mganga Mkuu!" Mama Tariq akapiga makofi. "Au tumwite Mganga Mfawidhi. Tutakuja na vyeti vya kliniki, Baba Hope, utatupokea?"

Sikucheka. Yeye hakujua, alikuja Babati baadaye. Redempta alipoanza kutokwa damu tulimpeleka kituo cha afya ambacho sitakitaja. Mganga mfawidhi alitoka na shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, akasema subirini, gari la wagonjwa linarudi sasa hivi. Gari lilikuwa limepeleka watu kwenye semina. Tulisubiri tangu saa nne asubuhi. Saa kumi gari likarudi, na mke wangu hakuwa mtu wa kupanda gari tena. Yule bwana hajafanywa kitu. Nasikia amepanda cheo.

Kwa hiyo mtu mwenye kitambulisho shingoni akiniambia subiri, mimi naanza kujiuliza yeye anapata nini. Na hiyo arobaini yenyewe. Arobaini ni siku za mwizi.

Nikaanza kuchunguza. Jumatano nilimuuliza Mama Tariq, huku nikijifanya nina shida na uzi, kama Sadock alizaliwa na lile panga.

"Sadock? Wewe! Sadock alikuwa mganga kama wewe," alisema. "Kabla hujaingia. Alihama thelathini, tena siku ileile. Hatukuwa na mtu wa kututibu, tukauawa na kila kitu, hata vyura."

Sindano ikanichoma kidole. Yeye alihama thelathini, lakini mimi nisubiri arobaini! Wenye vyeo wote ni hivyo, wakishapita mlangoni wanaufunga.

Jioni nilimpa Hope simu anisomee maandishi ya hekaluni, maana yako kwa Kiingereza na mimi niliishia darasa la nne. Alisoma akiwa amesimama, anachambua dagaa.

"Ni kama alivyosema Sadock, baba. Ukihama thelathini unaanza bila kitu. Arobaini unabeba ujuzi wako."

"Sadock umemwona wapi ukajua alichosema?"

"Si anakuja kutoa kopi pale steshenari ninapofanya kazi?"

"Ofisini kwao hakuna mashine?"

"Imeharibika."

"Tangu lini?"

"Baba!" alisema Hope. "Dagaa wanaungua."

Dagaa hawakuwa wanaungua, hata jiko lilikuwa halijawashwa. Nikachukua simu yangu. Lakini nilihesabu: ofisi ya serikali ikose mashine ya kopi, na kopi zote azitoe kwa binti yangu, na binti yangu asome Kiingereza kisha aone maneno yaleyale ya Sadock. Na hayo maandishi yameandikwa na nani? Na wenye mchezo. Mwenye ng'ombe hawezi kukuambia ng'ombe wake anapiga teke.

Ijumaa Sadock mwenyewe alileta kiatu, soli imeachia mbele kama mdomo wa kiboko. Akaketi kwenye kigoda, mguu mmoja na soksi.

"Shikamoo, Baba Hope."

"Marahaba. Kumbe ulikuwa mganga."

Akanitazama, kisha akamtazama Mama Tariq kupitia dirishani. Mama Tariq akainamia vitenge vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

"Nilikuwa," akasema.

"Ukahama thelathini."

"Nikahama thelathini. Ndiyo maana nakuambia usihame. Nilijuta, mzee wangu."

"Aliyejuta hatembei kifua mbele na panga."

"Panga gani? Umeona mara ngapi nimelala chini nakuita wewe? Kama ningekuwa na dawa zangu ningejitibu. Sina hata moja. Zilibaki mlangoni."

"Basi ndiyo unataka zangu."

Alicheka, lakini cheko fupi. "Ndiyo, nazitaka. Sasa si ndiyo kundi? Jumapili bila mganga tunakwisha wote. Piga hili pango moja ukiwa mganga, pointi za Bosi peke yake zitakusukuma karibu na arobaini. Halafu hama, mimi mwenyewe nitakusindikiza hekaluni."

"Na pigo la mwisho atapiga nani?"

"Yeyote. Mwenye nafasi."

"Mwenye panga," nilisema.

Nikashona kiatu chake vizuri, kazi ni kazi, lakini niliporudisha nilikuwa nimeshakata shauri. Mtu aliyekiri kwa mdomo wake kwamba anataka dawa zangu, bado nimsubirie nini?

Jumamosi saa sita mchana, jua likiwa limefukuza wateja, niliingia hekaluni. Kulikuwa na mzee wa ndevu ndani anayeuliza mara mbili. Kule kuuliza mara mbili hakukunipendeza, lakini nilibonyeza ndiyo, na ndiyo tena. Kanzu nyeupe ikamvuka Redempta. Akavaa chuma na ngozi, mkononi kisu kirefu, si panga hasa. Ile safu ya dawa chini ya kioo, chupa kumi na moja nilizozijua kwa rangi, ikafutika. Nikaangalia ile nafasi tupu muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha nikafunika simu kwa ngozi ya kiatu.

Jumapili baada ya ibada tulikutana dukani. Sadock alikuja na maandazi, tena mengi, na hilo nalo nililiweka akilini. Pango lina sheria moja: mkishaingia na mlango ukifungwa, hatoki mtu mpaka Bosi afe au nyinyi. Nikaingia wa mwisho.

"Baba Hope," Mama Tariq aliita, andazi liko mdomoni. "Mbona umevaa chuma?"

Sadock hakuinua macho. "Amehama," alisema taratibu. "Sawa. Kaa nyuma yangu."

Sikukaa nyuma. Nimekaa nyuma miezi minane. Nilikimbia mbele nikampiga Bosi mguuni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nasema kweli, mara tatu nilimpiga, na kila pigo lilimtoa kitu kidogo kama unywele. Kisha akainua mkono wake kunipiga, na yule mpiganaji wa Sadock akajitupa katikati, mkono ukamshukia yeye. Akalala chini, mstari wake wa uhai umebaki mwekundu, mwembamba kama uzi.

"Dawa!" Sadock alisema. Ni mazoea tu, alikuwa anajua. "Dawa, dawa, Baba Hope!"

"Dawa hakuna!" nilisema, kwa ukali. "Zimeisha!"

Mama Tariq akaacha kupiga mishale.

"Unaongea kama wale wa dirisha la dawa hospitalini," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Lakini vidole vyangu vilikaa juu ya kioo bila kubonyeza. Bosi alimmaliza Sadock, akanimaliza mimi, akamfuata Mama Tariq kwenye kona alikojificha. Dakika nne hazikufika.

Sadock alizima simu yake. Nilingoja matusi. Nilikuwa na majibu tayari, tangu Ijumaa nilikuwa nayo. Akachukua andazi, akasema, "Haya, wazee, kesho kazini," akaondoka.

Kiongozi akinyamaza, ujue barua inaandikwa. Jumatatu nzima nilikuwa nafungua simu kila nikimaliza kiatu, kuona kama jina langu limeondolewa kwenye kundi. Lilikuwepo. Mama Tariq alinisalimu kama kawaida, ila hakutania, na kibaraza bila utani wake ni saruji tu. Ndipo nilipohesabu watu ninaozungumza nao kwa siku tangu Redempta afariki, ukimtoa Hope na ukitoa wanaouliza bei ya soli. Ni hao wawili. Bila mganga hakuna kundi, na bila kundi kila mtu anashika njia yake. Usingizi haukuwa mzuri.

Jumanne saa kumi na moja Sadock alikuja. Hakuwa na kiatu cha kushona. Akachuchumaa mbele yangu akanionyesha simu: mtu mpya, mwanaume mfupi, kanzu nyeupe, fimbo, chupa moja ya dawa. Mganga. Levo ya kwanza.

"Yule mwingine yuko wapi?" niliuliza.

"Nimemfuta."

"Levo hamsini na mbili?"

"Mchezo hauruhusu mtu kuwa na wawili. Kundi lilihitaji mganga, Mama Tariq hataki, wewe huwezi kurudi. Nani amebaki?"

Nilimwita Mama Tariq. "Mtafute yule mpiganaji wake. Andika jina lake humo." Akaandika, akangoja, akaandika tena. Hakuwepo.

"Unataka nini, Sadock?" nilimuuliza. "Sema. Kama ni Hope, sema ni Hope."

Masikio yalimgeuka rangi. Mama Tariq akaziba mdomo kwa upande wa kitenge.

"Nataka turudi kuua panya wa shambani," alisema Sadock. "Ndio pekee tunaowaweza sasa. Na wewe ndiye mwenye kisu, kwa hiyo wewe ndiye wa mbele."

Bado sikumwamini. Hata leo simwamini vizuri, mtu hatupi levo hamsini na mbili bure, na mashine ya kopi ya ofisi yao nitaifuatilia. Lakini nilifuta mikono gundi, nikafungua simu, nikamwambia akae nyuma yangu, hatua tatu, asizidi. Uzuri wa mchezo huu ni kwamba unamwona hata aliye mgongoni kwako. Tukaingia shambani. Panya wa kwanza aliniuma, na kabla sijaita, ile chupa yake moja ilikuwa imeshanifikia.