Mlango Uwanjani

Ghala tulilopewa kulala lilikuwa la mahindi, na lilikuwa na mlango mmoja tu. Shida ilianzia hapo. Tulikuwa watu thelathini na tisa. Wengine walikimbia risasi, wengine walikimbia maji, na sisi wa kwetu tulikimbia risasi kwanza, tukapumzika bondeni miezi minne, halafu mto ukatufuata.

Karani wa orodha alikuja na mashine yake ya kubonyeza kwa kidole, akatusomea maelekezo: kaya ni watu wanaotumia mlango mmoja. Akatazama ghala, akatazama mlango, akabonyeza. Watu thelathini na tisa, kaya moja. Hema moja, ndoo moja, blanketi tatu. Mashine ikataka mkuu wa kaya, na kwa kuwa mwenzetu Kinyozi ndiye aliyekaa karibu na mlango, akaandikwa yeye. Kwa karatasi akawa na wake kumi na mmoja, dada yangu akiwa mmojawapo.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni seremala na mtu wa hasira za polepole. Alikaa siku mbili bila kumsemesha Kinyozi. Siku ya tatu Kinyozi akamwambia asinune.

"Kwenye karatasi wewe ni mwanangu wa nne," alisema. "Niamkie."

Tulicheka wote isipokuwa binti wa dada na shemeji, mpwa wangu, ambaye kucheka kulimuumiza. Mimba yake ilikuwa imefika siku za mwisho. Mumewe tulipoteana naye wakati wa mapigano, na hadi leo hatujui yuko upande gani. Humo ghalani surua ilishawapata watoto watano. Ndani ya lile hema moja tuliwalaza wagonjwa, lakini kikohozi kilibaki ndani na sisi. Mkunga aliyelala mkeka wa pili kutoka kwetu alisema wazi kwamba mtoto asizaliwe humu. Kwa hiyo mpwa wangu alihitaji hema, na alilihitaji wiki hiyo hiyo.

Nilikwenda kwa Karani. Nimezunguka sana maishani, nimeombea mengi kwenye madirisha ya ofisi, na najua sura ya mtu anayekunyima kwa raha. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alinieleza kwamba mashine haiulizi nani ana mimba. Inauliza mlango.

"Nipe mlango, mzee," alisema, "nami nitakupa hema."

Nadhani alisema kwa kuchoka. Mimi niliyachukua maneno yake kama yalivyo, nikampelekea shemeji, kwa sababu shemeji mlango alikuwa nao. Mto ulipokuja, watu waliokoa sufuria na magodoro. Yeye aling'oa mlango aliokuwa amemaliza kuuchonga wiki tatu kabla. Dada alitaka kumwacha pale pale na mlango wake. Baadaye ndio huo huo tuliomkalisha mpwa juu yake, tukausukuma mpaka nchi kavu. Tangu hapo ulilala nyuma ya ghala, unaanikiwa vyombo.

Asubuhi iliyofuata tulichimba mashimo mawili katikati ya uwanja, tukasimamisha nguzo, tukaufunga mlango kwa bawaba zake. Mbele yake uwanja, nyuma yake uwanja. Shemeji aliufungua akaona unakwaruza chini. Akauteremsha, akaanza kuuparuza kwa kipande cha chupa. Nilimuuliza nani atajali. Alinitazama kama nimemtukania mama yake.

Kabla hajamaliza, mpwa akashikwa na uchungu. Tuliurudisha mlango kwenye bawaba, tukamtandikia mkeka nyuma yake, Mkunga akaja na maji ya moto na kamba ya kufungia kitovu. Uwanja mzima ungeweza kumwona. Lakini mlango ulipofungwa tu, watu wakaacha kutazama. Waliokuwa wakienda bombani walipita upande wa mbele, na waliokuwa upande wa nyuma waliondoka taratibu, kama wageni waliokaa kupita kiasi.

Karani, niliyemtumia habari, akafika saa nne. Alisimama mbele ya mlango, akachomekea shati. Alitueleza kwamba atapiga hodi tatu, na mkuu wa kaya, yaani mpwa, aitikie mwenyewe, si jamaa wala mgeni. Asipoitikia, kaya haipo, inafutwa, na hesabu nyingine ni baada ya mwezi.

"Hodi."

Dada alifungua mdomo, nikamfinya. Nyuma ya mlango mpwa alikuwa ameuma kanga.

"Hodi."

"Si uzunguke, baba, umwone," Mkunga alisema kutoka huko.

"Siwezi kuzunguka, mama. Nikizunguka, mlango si mlango tena."

Ya tatu hakuiharakisha. Aliifuta mashine kwa kiwiko. Alikohoa. Aliniuliza kama mvua itanyesha, nikamwambia sidhani, akaniuliza kwa nini sidhani, nikamweleza kwa kirefu habari za upepo nisizozijua. Hatimaye akainua mkono, akagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi."

Ikatoka sauti ya mpwa wangu, nzito kama ya mwanamume.

"Karibu, lakini ukiingia nitakuua."

Karani alibonyeza. "Amekaribisha," alisema. "Kaya ipo."

Wapagazi wawili wakaleta hema. Nao wakalipitisha mlangoni, kwa ubavu, maana lilikuwa pana. Mkunga aliwaamuru wafumbe macho, wakalisimamisha juu ya mpwa wamefumba, mmoja akajipiga nyundo kidole. Kamba ya mwisho ilikuwa haijafungwa tuliposikia mtoto analia. Wa kike.

Sasa ikabidi Karani aongeze mtu. Mashine ikamuuliza sababu ya kila mmoja kuhama. Kwa mama mtu Karani alijibu vita. Kwa mtoto alikwama. Alisema huyu hajahama popote.

"Amehama tumboni," Mkunga alisema ndani ya hema. "Andika mafuriko. Maji nimeyakanyaga mwenyewe."

Karani aliandika mafuriko. Mashine ikafikiri, kisha ikatangaza kwamba wa vita na wa mafuriko hawawi kaya moja, ikawatenganisha. Mtoto wa robo saa akawa mkuu wa kaya, na hema lake, na ndoo yake. Nilimuuliza Karani, na mlango je, si ni ule ule mmoja?

"Mzee," alisema, "usiniharibie."

Hema la pili lililetwa. Lilitutosha mimi, dada na shemeji, tukiwa wageni wa mjukuu. Shemeji alishalishika upande mmoja Karani alipotuzuia. Mkuu wa kaya lazima aweke kidole gumba kwenye mashine, na maelekezo yanasema awe macho. Dada akachungulia, akasema mtoto ameshanyonya, amelala.

Karani hakubisha. Alikaa juu ya lile furushi la hema, mashine mapajani. Kinyozi alikuja akipiga kelele, anauliza kwa nini kaya yake imepungua, na Karani akajiwekea kidole mdomoni.

"Taratibu," alisema. "Mkuu amelala."