Mkono wa Adolphine

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Adolphine alisimama nyuma ya kamba ya katani kwenye uwanja wa ndege, nje ya Bukavu, ameshika termosi ya uji ambayo askari walikuwa wamekwisha kuifungua mara tatu. Mume wake Venant, karani wa serikali, alikuwa anampeleka binti yao Bulonza Kinshasa kupasuliwa moyo. Serikali ililipia tikiti mbili. Bulonza alikuwa na miaka mitano, na kucha zake zilikuwa za buluu.

Kamba ilikuwa ngeni. Mwezi uliopita bomu lilikuwa limelipuka katika ukumbi wa abiria wa nchi moja ya mbali, na Bukavu ikalipokea jambo hilo kwa moyo wote. Misa ilisomwa. Sokoni Kadutu watu walibishana bomu linafananaje, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliona, wakakubaliana kwamba ni kama papai. Mapapai yakaoza mezani wiki mbili. Watu wakawa wanafungua vikapu vyao bila kuombwa, hata mlangoni pa kanisa, na aliyeingia nyumba ya mtu bila kupekuliwa alihisi amedharauliwa. Kisha amri ikafika kutoka juu: asiye na tikiti asivuke kamba.

Zamani wasafiri walisindikizwa kwa nyimbo hadi kwenye ngazi ya ndege. Kwa akina Adolphine kulikuwa na jambo moja zaidi: mtu hasafiri kabla mama yake hajamwekea kiganja kwenye paji la uso. Adolphine hakuwa mwanamke wa makuu. Alitaka hilo tu.

"Chef, niache nimuguse mutoto yangu. Dakika moja."

"Maman, ordre ni ordre," akajibu kamanda wa uwanja, mtu wa haki, ambaye asubuhi ile alikuwa amempekua hata padri.

"Anaenda kupasuliwa, chef."

"Ninasikia, maman. Lakini nyuma ya kamba."

Bulonza alikuwa amefika kwenye ngazi, kama mita mia moja hivi. Akageuka. Adolphine akanyoosha mkono wa kulia, na mkono ukaenda. Ulipita juu ya kamba, ukakatiza uwanja, ukainama chini ya bawa, ukafika kwenye paji la uso la mtoto na kutulia hapo. Mtoto akafumba macho.

Kamanda akaupekua mkono kuanzia kwapani hadi kwenye kiwiko, kisha akatazama chini.

"Miguu yako iko wapi?"

"Iko nyuma ya kamba."

"Basi hakuna kosa."

Ndege iliondoka. Mlango ulikuwa umefungwa taratibu ili mkono usibanwe. Adolphine hakuurudisha, na mimi simjui mama ambaye angeurudisha. Ukarefuka juu ya mlima Kahuzi, juu ya msitu, mpaka Kinshasa.

Alirudi nyumbani kwa lori, mkono ukiwa nje ya dirisha. Kadutu iliuzoea. Majirani waliomba ruhusa kabla ya kuanika nguo juu yake, mbayuwayu hawakuomba. Kila Jumatatu askari alikuja kuupekua mpaka mwisho wa mtaa, maana kuanzia pale halikuwa eneo lake tena. Adolphine alisonga ugali kwa mkono wa kushoto, ukatoka na madonge, wala hakuna aliyelalamika kwa kuwa alikula peke yake.

Kwa kiganja alijua yote: jasho la siku ya kupasuliwa, homa ya siku tisa, kisha ubaridi mzuri wa mtoto aliyelala vizuri. Alilia kwa furaha na kuwaambia majirani wiki mbili kabla ya barua. Barua ya Venant ilisema mtoto amepona, ila daktari anataka kumwona kila mwezi, na ofisi imemhamishia Venant hukohuko. Adolphine aje haraka.

Kusafiri kulihitaji kibali, na tangu bomu vibali vilitolewa kwa uangalifu. Karani wa vibali, Maman Georgette, alisoma faili mara mbili.

"Hapa wanaandika uko Kinshasa."

"Niko hapa mbele yako, maman."

"Mukono yako iko kule tangu mwezi wa tatu. Mutu hawezi kusafiri mara mbili bila kurudi."

"Na nikiirudisha?"

"Unaanza demande ya kibali upya. Mwaka moja, mbili. Nani anajua?"

Jioni ile Adolphine alijaribu kuuvuta. Mkono ukasogea kidogo, akamsikia mtoto akigeuza kichwa usingizini kuufuata. Akaacha.

Aliomba tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Jibu halikubadilika. Kule uwanjani kamba iliondolewa, wakaweka uzio wa chuma, na hakuna tena aliyekumbuka bomu lilikuwa la nchi gani. Kiganja kilimweleza jinsi Bulonza anavyokua: paji lilizidi kupanda, na nywele zilisukwa na mtu mwingine, msuko ambao yeye hakuujua.

Mwaka wa tisa, asubuhi moja akiwa anachambua maharage, alihisi vidole vya Bulonza, virefu na vya joto sasa, vikiushika mkono wake na kuuondoa taratibu kwenye paji. Havikuutupa. Viliutikisa mara moja, kwa adabu, kama mgeni anavyosalimiwa, vikauachia.